ONESIMO NYUMBANI MWETU

Dominika ya 23 ya Mwaka C
Masomo: Hek 9:13-18, Flm 9-10, 12-17, Lk 14:25-33



Wapendwa wasikilizaji, katika mzunguko wote wa miaka mitatu ya masomo ya Dominika, Mama Kanisa anatusomea Barua ya Mtakatifu Paulo kwa Filemoni mara moja tu, nayo ni siku ya leo. Ni barua fupi kuliko zote za Mtume huyo. Ina aya 25 tu, na mtu anaweza kuisoma yote kabla chai yake haijapoa. Kwa sababu ya ufupi huo wahubiri wengi huipita, wakaenda moja kwa moja kwenye Injili. Leo naomba tusiipite. Sisi tunaoishi hapa Sikonge, na wenzetu wa Tabora, Urambo, Nzega na Unyamwezi yote, tunayo sababu ya pekee ya kuisikiliza, kwa maana inahusu mtumwa na bwana wake, na sisi ni watoto wa nchi ambayo watumwa walipita ndani yake, tena wengine hawakupita bali walibaki.

Tukumbuke kwanza habari yenyewe. Filemoni alikuwa Mkristo mwenye uwezo, mtu wa Kolosai katika Asia Ndogo, ambaye waamini walikuwa wakikusanyika nyumbani kwake kusali. Alikuwa na mtumwa aitwaye Onesimo. Onesimo alitengana na bwana wake. Mapokeo yanasema alitoroka. Lugha yetu ya Kiswahili inalo neno kamili kwa mtu wa namna hiyo: alikuwa mtoro. Akafika kwa Paulo, aliyekuwa kifungoni, na huko akaipokea imani na ubatizo. Sasa Paulo anamrudisha kwa bwana wake akiwa na barua hii. Anamwomba Filemoni asimhesabu tena kijana huyo kuwa mali yake, bali amhesabu kuwa ndugu yake, na ampokee kama ambavyo angempokea Paulo mwenyewe. Na katika aya zinazofuata, ambazo hatukuzisikia leo, Paulo anajitolea kulipa kutoka mfukoni mwake hasara yoyote aliyoisababisha Onesimo.

Ndugu zangu, liko jambo moja katika barua hii ambalo ni rahisi kutolisikia. Salamu za mwanzo haziendi kwa Filemoni peke yake. Zinakwenda pia kwa Afia, kwa Arkipo, na kwa Kanisa linalokutana katika nyumba hiyo. Maana yake ni kwamba barua ilikusudiwa kusomwa mbele ya watu. Jaribuni kuiona picha hiyo: waamini wameketi, mwenye nyumba ameketi, barua inasomwa kwa sauti, na Onesimo, ambaye jana yake kila mmoja alimwita mtoro, amesimama mlangoni akingoja kujua atapokewaje. Paulo hakumwandikia liwali wa Kirumi, wala hakumwandikia Kaisari. Aliandika kwa nyumba. Alijua kwamba sheria za dola zinaweza kubadilika, na watu wa nyumba wakabaki walivyo.

Tukiwa na picha hiyo mbele yetu, na tuitazame nchi yetu.

Njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapanda Usagara hadi Mpwapwa, ikavuka Ugogo na pori lile kali lililoitwa Mgunda Mkali, ikaingia Unyanyembe, na kutoka Unyanyembe ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Mwaka 2006 njia hiyo iliwekwa katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inakusudia kuyapendekeza yawe Urithi wa Dunia, na Kwihara, karibu na mji wa Tabora, ni mojawapo ya vituo vilivyotajwa. Waingereza Burton na Speke walipofika Kaze, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba mwaka 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga matembe makubwa yenye bustani, maghala ya nguo na shanga, na watumwa wa kuwatumikia. Kutoka hapo njia ziligawanyika: moja ilikwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine magharibi hadi Ujiji na ng'ambo ya ziwa katika nchi ya Manyema, na nyingine zilishuka kusini kupitia misitu yetu ya miombo kuelekea Ukimbu na Ufipa.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Mpagazi wa Kinyamwezi, aliyebeba pembe za ndovu kwenda pwani, kwa kawaida hakuwa mtumwa. Alikuwa mtu huru, aliyepatana ujira wake kwa nguo, shanga na nyaya, na aliyekuwa tayari kuutua mzigo chini iwapo mapatano yamevunjwa. Kijana ambaye hakuwahi kuiona pwani alihesabiwa bado mtoto. Hayo ni ya kujivunia, na wazee wetu walijivunia.

Lakini na tuulize swali la pili. Vijana hao walipokuwa safarini kwa miezi mingi, nani alilima mashamba yao? Nani alitwanga mtama, nani alichota maji na kutafuta kuni? Wake zao na ndugu zao walifanya kazi, ndiyo. Lakini sehemu kubwa ya jibu ni watumwa. Nguo na bunduki zilizopatikana kwa pembe za ndovu ziliwanunua watu, na watu hao waliletwa katika nyumba za Waarabu na Waswahili wa Tabora, katika ikulu za watemi, na pia katika nyumba za Wanyamwezi wa kawaida waliopata mali. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Wengi walitoka Manyema na nchi nyingine za magharibi, wengine walikuwa mateka wa vita vyetu wenyewe. Vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilianza mwaka 1871. Huku kusini, Nyungu ya Mawe, aliyetoka katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, aliiteka Ukimbu kwa nguvu ya rugaruga wake. Wote wawili walifariki mwaka 1884, na nyuma yao waliacha vijiji vingi vilivyochomwa na watoto wengi wasiojua njia ya kurudi kwao.

Tumezoea kufikiri kwamba utumwa ni jambo lililopita barabarani: watu wenye kongwa shingoni, Mwarabu mwenye kiboko, jahazi linalongoja baharini. Hayo yalikuwako, na yalikuwa maovu makubwa. Lakini wengi kati ya walioletwa Unyanyembe hawakuiona bahari hata siku moja. Safari yao iliishia hapa. Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873, na mwaka 1876 akakataza misafara ya watumwa kushuka kutoka bara. Huku kwetu kununua na kuuza kuliendelea.

Na ulikomaje utumwa huo? Wajerumani walimshinda Mtemi Isike wa Unyanyembe mwaka 1893, lakini hawakuufuta utumwa. Amri yao ya mwaka 1901 iliwapa watumwa njia ya kujikomboa kwa fedha, na amri ya mwaka 1904 ilisema kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta kabisa katika Tanganyika ililetwa na Waingereza mwaka 1922. Yaani yapo majengo mjini Tabora, yangali yakitumika, ambayo yalijengwa wakati mtu alikuwa bado aweza kuitwa mali ya mtu. Kabla ya sheria hiyo watumwa wengi walijiondokea wenyewe: wengine waliifuata kazi ya reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, wengine walihama na kufungua mashamba yao. Na wengine, hasa wanawake, walibaki. Walikuwa wamekwisha kuzaa watoto katika nyumba zile. Watoto wakapewa jina la ukoo. Hapakuwa na siku ambayo watu wa nyumba waliketi pamoja wakaambiana kwamba kuanzia leo huyu ni ndugu yetu. Mambo yalinyamaziwa tu.

Kilichonyamaziwa hakijafa. Katika miaka yangu ya utume nimeketi mara nyingi na wazazi wanaopinga ndoa za watoto wao. Sababu zinazotolewa kwa kawaida ni zile mnazozijua: mahari, dini, tabia, umbali. Lakini si mara moja tu nimesikia sababu nyingine, inayosemwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa: "Padre, yule binti ni mzuri, ila ukoo wake haujulikani. Bibi yake mzaa bibi aliletwa."

Aliletwa. Sikilizeni neno hilo, wapendwa. Hakuna anayeuliza aliletwa na nani. Hakuna anayeuliza aliletwa nyumbani kwa nani. Kama mtoto wa miaka minane au tisa aliletwa kutoka ng'ambo ya ziwa hadi Unyanyembe, basi yuko aliyemteka, yuko aliyemuuza, na yuko aliyemnunua. Na mara nyingi aliyemnunua ni babu wa yule yule anayeinong'ona habari hii leo. Baada ya vizazi vitano vya kuoana, wengi wetu tumo pande zote mbili: tunayo damu ya aliyeletwa na damu ya aliyemleta. Lakini aibu yote tumemtwika aliyeletwa, na aliyemleta tumemwita mzee wetu wa heshima. Je, hiyo ni haki mbele ya Mungu?

Hata lugha yetu imehifadhi jeraha hilo. Leo tunapomwambia mtoto awe na ungwana, tunamaanisha adabu na utu. Zamani mwungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Kumbe kwa watu wa zamani heshima ilikuwa ya huyo peke yake! Na tazameni jambo jingine, ambalo Mungu amelificha katika Kiswahili kana kwamba kwa ajili ya Dominika hii: neno "mtume" na neno "mtumwa" yametoka katika shina moja, yaani kutuma. Paulo Mtume, katika barua zake nyingine, anajiita pia mtumwa wa Kristo, na katika barua ya leo anajitaja kuwa mfungwa. Amejishusha mwenyewe hadi mahali pa Onesimo. Ndipo anapomwambia Filemoni: mpokee huyu kama mimi.

Basi na tujifunze kwa Paulo mambo matatu.

La kwanza ni ukweli. Somo letu la kwanza, kutoka Kitabu cha Hekima, linasema kwamba mwanadamu huyatambua kwa taabu hata yale yaliyo karibu na mkono wake, sembuse ya mbinguni. Ni kweli. Yaliyofanyika mbali tunayaona upesi, yaliyofanyika chini ya paa letu hatuyaoni. Na ili mtu asidhani kwamba nawasema wengine, niseme kwanza habari za Kanisa letu. Katika koloni la Maryland, Marekani, mapadre Wajesuiti walifika pamoja na wahamiaji wa kwanza mwaka 1634, na baadaye wakawa na mashamba yaliyolimwa na watumwa. Walihubiri Injili, walibatiza, na watu hao hao waliowabatiza walikuwa mali yao. Mwaka 1838, wakisongwa na madeni ya chuo chao cha Georgetown, waliwauza watu 272, watoto kwa wazee, kwenda mashamba ya mbali ya Louisiana. Mwaka uliofuata, 1839, Baba Mtakatifu Gregori XVI alitoa waraka wa kulaani biashara ya watumwa. Lakini watu wale walikuwa wamekwisha kuuzwa. Ilichukua miaka 179, hadi mwaka 2017, ndipo Wajesuiti na chuo hicho waliposimama mbele ya wajukuu wa wale waliouzwa wakaomba radhi hadharani. Vivyo hivyo Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, mwaka 1992, akiwa katika kisiwa cha Gorée nchini Senegali, aliomba msamaha kwa ajili ya dhambi hiyo iliyotendwa na watu waliobatizwa. Kama Kanisa limeweza kuyasema hayo juu yake lenyewe, ukoo mmoja wa Unyamwezi hauwezi kushindwa.

La pili ni malipo. Paulo hasemi tu maneno matamu juu ya udugu. Anajitolea kulipa hasara. Kumfanya mtumwa kuwa ndugu kuna gharama, na lazima awepo wa kuibeba. Hapa karibu nasi, Kipalapala, katika miaka ya 1880 Mapadre Weupe waliwatunza watoto waliokombolewa kutoka utumwani, kabla ya kulazimika kuondoka mahali hapo. Na ni Kipalapala hiyo hiyo ambayo kuanzia miaka ya 1920 imekuwa na Seminari Kuu, walikosomea mapadre wengi wa nchi hii. Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Lavigerie, alizunguka miji ya Ulaya mwaka 1888, kwa kutumwa na Baba Mtakatifu Leo XIII, akiwaeleza watu mateso ya watumwa wa Afrika na kuwataka watoe mali zao na nguvu zao.

Na mjue jambo ambalo gharama hiyo ilizaa. Karibu na mji wa Timbuktu, Afrika Magharibi, alizaliwa mtoto aliyetekwa angali mdogo, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Aljeria. Walimbatiza kwa jina la Adriani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Atiman. Walimpeleka kisiwani Malta kusomea uganga, na mwaka 1889 alifika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, magharibi yetu. Hapo alifanya kazi ya uganga na ukatekista hadi alipofariki mwaka 1956: miaka 67. Mwanawe, Yosefu, alipewa daraja takatifu la upadre mwaka 1923. Fikirini, wapendwa: Sheria ya kufuta utumwa katika Tanganyika ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na mtoto wa mtu aliyewahi kuuzwa alikuwa amesimama altareni akiinua kikombe cha Damu ya Kristo. Wapi nyumba ya Mungu ingeuliza kwamba baba yake aliletwa na nani? Kanisa halikuuliza ukoo wake. Lilimfunika kwa vazi la kikuhani.

La tatu ni Injili yenyewe. Bwana wetu anatoa mifano miwili: mtu anayetaka kujenga mnara, na mfalme mwenye askari elfu kumi anayemkabili mwenye elfu ishirini. Wote wawili wanatakiwa kuketi kwanza na kupiga hesabu. Kisha anamalizia kwa neno gumu, kwamba asiyekuwa tayari kuviacha vyote alivyo navyo hawezi kuwa mwanafunzi wake. Mara nyingi tunadhani neno hilo ni kwa ajili ya watawa. Lakini tuliweke karibu na barua ya Paulo, na tutaona linamwangukia Filemoni, baba wa nyumba, mwenye shamba. Onesimo alikuwa mali yake, mali halisi, yenye bei. Kuwa mwanafunzi wa Yesu kulimdai aifute mali hiyo katika hesabu zake. Filemoni alipaswa kuketi na kuhesabu.

Wapendwa wasikilizaji, leo Onesimo yuko wapi katika nyumba zetu?

Sisemi kwamba mfanyakazi wa leo ni sawa na mtumwa wa mwaka 1870. Hakuna kongwa shingoni mwake, na sheria iko upande wake. Tunayo Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya biashara ya usafirishaji wa binadamu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Lakini tumekwisha kuona kwamba sheria huweza kubadilika na nyumba ikabaki ilivyo. Basi tuingie ndani ya nyumba.

Yuko binti wa kazi. Ameletwa, neno ni lile lile, ameletwa kutoka kijijini akiwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, kwa ahadi kwamba atasomeshwa. Anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Anakula jikoni baada ya wengine. Jumapili familia inakwenda kanisani, yeye anabaki kulinda nyumba. Ujira wake anatumiwa mjomba, au hautumwi kabisa, kwa kuwa "anakula na kulala bure". Ukiwauliza watoto wa nyumba hiyo jina la baba yake, hawalijui.

Yuko kijana mchunga ng'ombe, aliyeahidiwa ndama baada ya mwaka. Mwaka unapokaribia kwisha, ng'ombe mmoja anapotea porini, naye anaambiwa kwamba ndama wake ndiye aliyelipa.

Na yuko kibarua wa tumbaku. Sisi wa Sikonge tunamfahamu. Amekuja kutoka mkoa mwingine mwanzoni mwa msimu, pengine na mke na watoto, kwa mapatano ya mdomo. Anaandaa kitalu, anahamisha miche, anapalilia, anakata kuni, anachuma majani, anakesha kwenye bani akichochea moto. Malipo ni baada ya soko. Siku ya soko ikifika hesabu inageuka: unga aliokula umeandikwa, dawa ya malaria imeandikwa, siku alizougua zimekatwa. Na wako waajiri wanaobuni kosa, ili mtu aondoke usiku mikono mitupu. Watoto wake nao wamefanya kazi mwaka mzima bila kuingia darasani. Mwaka 2001 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya watoto katika mashamba ya tumbaku ya nchi yetu, ikiwemo Urambo, na mwaka 2011 ulianza mradi wa kuwatoa watoto katika mashamba hayo, ambao ulifika hata katika wilaya yetu. Watu wa mbali waliliona jambo hili. Sisi tunaopita kando ya mabani hayo kila siku, tuliliona?

Najua mtakalosema. Mkulima naye ana deni la pembejeo kwenye Chama cha Msingi. Bei imeshuka, mvua imekuwa haba, mitumba imekataliwa sokoni. Ni kweli, nami nawahurumia. Lakini hiyo ndiyo hesabu ambayo Bwana anataka tuipige kabla ya kujenga mnara. Kama shamba lako haliwezi kumlipa mtu anayelilima, basi umeanza kujenga mnara kwa mali ya mwingine. Mtakatifu Yakobo anatuonya kwamba ujira uliozuiwa wa watu waliovuna mashamba yetu hulia, na kilio hicho humfikia Mungu. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ya mwaka 1965, uliutaja utumwa, na kuuzwa kwa wanawake na watoto, na hali mbaya za kazi zinazomfanya mtu kuwa chombo tu cha faida, katika orodha moja na mauaji. Mababa wa Mtaguso waliona kwamba mambo hayo ni ya ukoo mmoja.

Basi tufanye nini? Nawaomba mambo machache, ambayo kila nyumba inaweza kuyatenda.

Leo, mkirudi kutoka kanisani, mwiteni yule anayewatumikia aketi nanyi mezani. Muulizeni jina lake kamili, jina la baba yake na la mama yake. Muulizeni deni lenu kwake ni kiasi gani, tena mumwache ajibu. Kama ni mtoto wa umri wa shule, fanyeni mpango wa kumrudisha shuleni au kwa wazazi wake. Dominika ijayo awe nanyi kanisani.

Mwenye shamba na aandike mapatano yake kwenye karatasi, mbele ya shahidi, na siku ya soko amlipe kibarua kabla ya kununua chochote. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo wasione haya kuuliza habari hizi, kwa maana barua ya Filemoni ilisomwa mbele ya jumuiya.

Na wazazi wanaongoja kutoa jibu la posa, nawasihi kwa huruma ya Kristo: neno "aliletwa" lisisemwe tena kama aibu. Na likisemwa, lisemwe lote. Semeni: bibi yetu aliletwa, alitekwa kwao akiwa mtoto, babu yetu mmoja alimnunua kwa nguo, alilima mashamba yetu, alitulea, nasi hatukumwomba radhi. Kisha msalieni Misa, yeye na babu huyo pamoja. Marehemu hao wawili wamekwisha kusimama mbele ya Hakimu mmoja, ambaye hana mtumwa wala mwungwana.

Maandiko hayatuambii Filemoni alijibu nini. Lakini barua ile ilihifadhiwa. Mtu aliyeona haya kwa sababu yake angeichoma moto usiku ule ule. Aliyeihifadhi, bila shaka, aliitii. Na ninyi pia, nyumba zenu zitajulikana kwa jinsi mtakavyompokea anayesimama mlangoni.

Tuombe. Ee Mungu, Baba wa watu wote, wewe uliwatoa watu wako katika nyumba ya utumwa. Wapokee katika amani yako wote waliotekwa, waliouzwa na waliofia katika njia zipitazo nchi yetu, ambao majina yao unayajua wewe peke yako. Uwasamehe wazee wetu waliowanunua. Utufumbue macho tuwaone wale wanaotutumikia leo, na utupe moyo wa kuwalipa haki yao na kuwaita ndugu. Kwa maombezi ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyeonja utumwa na kuonja uhuru wa wana wako, tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu Mwenyezi awabariki: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.